Viti Viwili vya Kobe

Jumatatu, 4 Novemba

Honi. Hiyo ndiyo iliyobaki masikioni. Si upepo, ingawa upepo ulinguruma kutwa nzima. Si bati la jirani lililong'oka likaenda zake kama karatasi. Ni honi ya Kobe, gari letu, ikilia yenyewe, hakuna mtu ndani.

Niandike kwa mpangilio, la sivyo nitazunguka tu.

Jumamosi, waliposema kimbunga kimebadili njia na kinakuja kwetu, tulipakia gari. Kila tunachokipenda kiliingia ndani ya Kobe: cherehani ya Shangazi, albamu za picha, vyeti vya Baba, sanduku langu la mawe ya mtoni niliyoyaokota tangu niko shule. Baba alifungua kile kibao cha juu ya paa kilichoandikwa SHULE YA UDEREVA, akakiweka sebuleni, kisije kikamkata mtu kichwa. Tukatoka. Kufika kona ya chini — barabara haipo! Maji ya kahawia, yana kasi, yanabeba mlango wa mtu. Usukani niliushika mimi. Baba alikuwa upande wake, kiti cha mwalimu, mguu karibu na breki yake ya pili. Hakukanyaga. Alisema tu lile analowaambia wanafunzi wote tangu sijazaliwa: maji usiyoyaona chini yake, usiyaingie.

Nikarudi nyuma. Nikaegesha uani. Shangazi akauliza, tuviteremshe vitu? Baba akasema viache, maji yakipungua kidogo tunaondoka. Nami nikaitikia. Hata sikufikiri! Katika nyumba hii, kitu kikiwa ndani ya Kobe kiko salama. Ndivyo tulivyo.

Tukapanda kwa Nesi, jirani yetu wa ng'ambo ya ukuta, anayekaa ghorofani. Kutoka dirishani kwake tuliona yote. Nyumba yetu ina msingi mrefu. Maji yalipanda ngazi moja moja kama mgeni mwenye haya, yakafika ngazi ya juu kabisa, yakasimama hapo. Hayakuingia. Ndani hata zulia halikulowa. Na Kobe kule chini, na mali yetu yote ya moyoni tumboni mwake, akazama hadi kwenye vioo.

Kwanza taa ziliwaka zenyewe, njano, chini ya maji. Kisha honi. Baba akifika nyumbani hupiga mara mbili, fupi fupi: pi, pi. Fungueni geti. Hii ilikuwa moja, ndefu, isiyopumua.

"Jamani, analia," Shangazi akasema.

Nesi akasema ni shoti tu, maji yameingia kwenye nyaya. Lakini Baba alikuwa ameshafika mlangoni. "Anaita," akasema. Nilimkamata shati kwa nyuma, mikono miwili, kama mtoto sokoni. Hakunivuta. Hakugeuka. Tulisimama hivyo hadi ile sauti ikaanza kukwaruza, ikashuka, ikawa kama mtu anayeguna usingizini. Ikaisha.

Baba akasema, "Basi." Akakaa kitako sakafuni kwa Nesi.

Tangu hapo kila kinachovuma — friji, nyuki, feni — nageuka.


Jumanne, 5 Novemba

Leo tumemfungua. Mlango wa Baba ndio uliokubali. Maji yalitoka kama yaliyokuwa yakingoja kuambiwa karibu. Tope, majani, kiatu kimoja cha mtu tusiyemjua. Shangazi alikichukua kile kiatu, akakitazama, akasema, "Huyu naye alikuja kujifunza gari."

Tulicheka. Tulicheka mno, kisha tukarudi kutoa tope.

Albamu zimekuwa tofali moja. Picha za harusi ya Baba na Mama zimeshikana na zangu za shule, huwezi kuzitenganisha bila kuchana mtu uso. Mawe yangu hayana neno. Mawe ya mtoni yalioga tu. Vyeti vya Baba nimevianika kwenye kamba kwa vibanio, kama soksi. Anapita chini yake akiinama.

Nyuma, kwenye buti la Kobe, maandishi hayakufutika. Baba aliyaandika mwenyewe kwa brashi, herufi nyeupe: POLEPOLE YA KOBE HUMFIKISHA MBALI. Kwa sababu ya mwendo wa wanafunzi, watoto wa mtaa walikuwa wakimpita kwa baiskeli wakiimba, "Kobe! Kobe!" Baba hakununa. Alinunua rangi.

Shangazi anasema kobe wengine wanajua kuogelea, sisi bahati yetu tulipata wa nchi kavu.


Alhamisi, 7 Novemba

Kazini. Maabara inanuka klorini. Chupa za sampuli zimepangwa hadi sakafuni. Kila mwenye kisima anataka kujua kama anaweza kuyanywa maji yake. Hawezi. Naandika "hayafai" hadi neno lenyewe limepoteza maana. Mkuu wa maabara anapita nyuma yetu akituambia tule, yeye mwenyewe hajala.

Baba aliniuliza asubuhi, "Hayo maji yako yamesemaje?" Tangu nisomee mambo ya maji, maji yote duniani ni yangu. Mvua ikinyesha amefua, ni mimi. Nikamwambia yamejaa uchafu. Akasema, "Yana haki. Yameona mengi." Akaenda kuwasha jiko.

Ile barua pepe bado iko pale. Niliisoma tena wakati wa chakula, simu nimeificha chini ya meza kama mwanafunzi. Kituo cha utafiti wa mito, mbali, ndege mbili. Miaka mitatu. Mto mmoja tu, kuusikiliza tangu chanzo hadi mdomo! Ndicho nilichokitaka tangu nilipokuwa naokota mawe. Wanataka jibu kabla wiki ijayo haijaisha.

Ilikuja siku mbili kabla ya kimbunga. Nilipanga nimwambie Baba Jumapili, ndani ya gari. Kimbunga kikaja Jumamosi.

Kwa nini ndani ya gari? Kwa sababu Baba hawezi kusema wala kuambiwa jambo zito akiwa anatazamwa. Mezani ni mtu wa chumvi na hali ya hewa. Lakini mweke kwenye kiti cha mwalimu, macho mbele, barabara inapita — anafunguka kama dirisha. Ndani ya Kobe ndimo alimoniambia yeye na Mama wanaachana. Nilikuwa najifunza kuzunguka kwenye mzunguko wa kituo cha mabasi. "Washa indiketa, mama," akasema. "Mimi na mama yako hatutaishi pamoja tena. Angalia kulia. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Sasa toka." Nikatoka. Nililia barabara yote, sikuzima injini hata mara moja. Mama ana nyumba yake sasa, mji mwingine, mume mpole. Tunapendana vizuri kwa simu.

Ndani ya Kobe ndimo nilimomwambia nimefeli mtihani wa mwaka wa kwanza. Alifikiri hadi taa za barabarani. "Mlima ukikushinda unashusha gia," akasema. "Huteremki ukaliacha gari."

Kila Jumapili asubuhi tunamwosha Kobe, halafu tunaingia. Mimi usukani, yeye upande wake. Anasema, "Kioo, kioo, bega." Natazama kioo cha ndani, kioo cha pembeni, nageuza bega. Anauliza, "Tunaelekea wapi?" Najibu, "Mbele." Hapo ndipo siku inaanza.

Nitamwambia wapi sasa? Jikoni?


Ijumaa, 8 Novemba

Watu wanakuja kutoa pole kama msibani. Kweli kabisa! Wanakaa barazani, wanatikisa vichwa, wanamtazama Kobe uani, mlango mmoja wazi kama bawa. Nusu ya mtaa ilijifunza humo.

Seremala leo alishika kofia mkononi. "Mwalimu," akasema, "lile bonyeo la bampa ya nyuma. Nilikwambia ni ng'ombe."

"Ulisema."

"Haikuwa ng'ombe."

"Nilijua," Baba akasema. "Sijapata kuona ng'ombe mwenye rangi ya bluu. Ukuta wa posta ndio wa bluu."

Baraza zima likacheka. Hapo kila mtu akatoa lake: huyu alivunja taa, yule aliua klachi. Nesi akasema klachi ni yake, asinyang'anywe. Alirudia mtihani hadi mtahini akamzoea, akawa anamuuliza habari za watoto. Baba aliwasikiliza wote akitabasamu, akimrekebisha huyu tarehe, yule mtaa. Anakumbuka kila mkwaruzo.

Walipoondoka alibaki amekaa. Nilitoka. Nilikaa mbele yake. Akanitazama. "Chai ilikuwa na tangawizi nyingi," akasema.

"Nitapunguza."

Basi.


Jumapili, 10 Novemba

Nimeamshwa na bomba la uani.

Baba, amekunja suruali ile ya Jumapili, ndoo, sabuni, kitambaa. Anamwosha Kobe. Alianza na paa kama kawaida, akashuka. Akapiga magoti akaosha magurudumu. Akatoa tope kwenye vitasa kwa mswaki wa zamani. Nilichukua kitambaa cha pili nikaanza upande wangu. Jua lilitoka. Kobe akang'aa — rangi yake ya kijani iliyopauka, kama jani la jana. Ungemwona kutoka barabarani ungesema gari zima, mwenyewe ana haraka ya kwenda mahali.

Tulipomaliza, miguu ilitupeleka kila mtu mlangoni kwake. Mazoea! Mimi kwangu, yeye kwake. Nikavuta kitasa, hakikufunguka, tope limekaukia ndani. Yeye wake ulifunguka. Aliinama, akabonyeza kiti kwa kiganja. Maji yakachuruzika. Akaufunga mlango taratibu sana, namna unavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

"Basi tutembee," akasema.

Nikafikiri: haya, hii ndiyo nafasi. Lakini njia bado ni nyembamba kwa takataka, akatangulia yeye. Ningekuwa nazungumza na kisogo. Na kila hatua, "Mwalimu, pole!" "Mwalimu, tumesikia!" Mmoja akashusha kioo cha gari lake katikati ya barabara, Baba akamwambia asogee pembeni kwanza ndipo ampe hiyo pole.

Kwenye kona ya chini aligeuka ghafla. "Ulikuwa na neno?"

Macho yake usoni kwangu. Yamechoka. Kope zina vumbi.

"Hapana, Baba."

Akanitazama kidogo zaidi. "Haya."

Nimejichukia njia nzima ya kurudi.


Jumatatu, 11 Novemba

Chupa, chupa, chupa. Nimeandika barua ya kukataa ile nafasi. Maneno mazuri, ya adabu. Nikaisoma. Nikaifuta. Nikaandika ya kukubali. Nikaifuta. Mkuu wa maabara akaniuliza kama nimeibiwa kitu, nilivyokuwa nimekunja uso.

Jambo moja sikuliandika Alhamisi. Siku niliyopata leseni Baba aliniambia breki ya mwalimu si ya kunisimamisha mimi tena. Na kweli, tangu hapo alikanyaga mara moja tu: mpira ulivuka barabara, mimi nimeshauona, nimeshapunguza, naye akakanyaga. Kobe akasimama kama aliyechomwa sindano. Baba aliona haya hadi shingoni. "Nimekukosea," akasema. "Aliyefuzu hakanyagiwi breki." Baada ya hapo, nikiendesha, mguu wake anaukunja nyuma, chini ya kiti, kisigino juu. Safari nzima. Lazima unamuuma.

Ndicho ninachokiogopa. Nikimwambia, atasema nenda. Atasema upesi, kwa sauti nzuri. Mguu ameukunja chini ya kiti, na mimi sitauona.


Jumanne, 12 Novemba

Mkaguzi wa bima amekuja. Kijana, viatu visafi, pua kaikunja. Akabonyeza kiti kwa kidole kimoja, akafungua boneti, akafunga.

"Hili limekufa," akasema. "Hata likiwaka leo, nyaya zitaoza. Jumamosi gari la kuvuta litakuja."

"Wewe mtoto," Shangazi akasema, "kwenu hawasemi pole?"

Akasema pole. Akasema vizuri, kwa kweli. Akavua hata miwani.

Baba alimsindikiza hadi getini. Nikasikia, "Nani alikufundisha gari?" Yule akataja mtu. "Alikuachia uegeshe mbali na ukingo namna hii?" Kijana wa watu akaingia garini, akaliegesha upya, ndipo akaondoka.

Shule nyingine imempigia Baba simu. Wanamtaka, wana magari mapya, ya otomatiki. Amesema atafikiri. Shangazi akamuuliza anafikiri nini. "Gari lisilo na klachi," Baba akasema, "ni kiti cha kinyozi."

Lakini alipoingia chumbani alinyoa ndevu. Huenda atakwenda.


Jumatano, 13 Novemba

Nimejaribu mezani.

"Baba."

"Naam."

"Kazini kuna…"

Akaweka kijiko chini, akanigeukia mzima mzima, uso wote, mabega yote, kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

"…kazi nyingi."

"Maji hayo," akasema, akachukua kijiko.

Shangazi alinitazama juu ya bakuli lake. Huyu mama haoni bila miwani, lakini haya mambo anayaona.


Alhamisi, 14 Novemba

Cherehani ya Shangazi imepona. Aliifungua yote juu ya gazeti, akaifuta, akaipaka mafuta, akaifunga. Inashona, ila inakohoa. Nilikuwa namshikia kitambaa aliposema, bila kuinua kichwa:

"Una jambo. Tangu kimbunga unaosha sahani moja mara tatu."

Nikamwambia. Yote. Mto, ndege mbili, miaka mitatu. Mashine haikusimama.

"Na unataka?"

"Nataka hadi naumwa, Shangazi."

"Basi mwambie. Au asiye na gari hana masikio?"

Nikamwambia najaribu. Kwamba nikimtazama anakuwa mwingine. Nami nakuwa mwingine.

Akakata uzi kwa meno. "Ndugu yangu yule nimemlea mimi. Ukimtazama usoni anakuwa jiwe, amezaliwa hivyo. Unajua alimposaje mama yako? Walikaa benchi moja, nje ya ofisi ya mapato, wote wawili wanatazama mlango. Akamuuliza bila kugeuka. Mama yako naye akajibu bila kugeuka. Karani aliyekuwa mlangoni alidhani anajibiwa yeye!"

Nimecheka hadi machozi. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa hiyo si Kobe. Au si Kobe mzima. Ni kukaa bega kwa bega na kutazama upande mmoja.

"Unakwenda wapi?" Shangazi akaita. "Kitambaa changu!"


Ijumaa, 15 Novemba

Baba amekwenda kuiona hiyo shule ya viti vya kinyozi. Nimeomba ruhusa kazini nusu siku.

Spana ni zake, na kuzitumia alinifundisha yeye. Kila kiti kina nati nne sakafuni, zimeshika kutu tayari, wiki mbili tu! Nilimwaga mafuta, nikangoja, nikavuta hadi vidole vikachubuka. Kiti cha dereva kilitoka kwanza. Kiti cha mwalimu kilikataa. Nilikaa sakafuni mwa Kobe, mgongo umeegemea ile breki yake ya pili, nikaisukuma spana kwa miguu yote miwili. Sponji ilinuka mto. Si uvundo tu — mto kabisa, ninaoujua. Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu ile honi. Si sana. Nati ikaachia.

Ile breki niliiacha. Nilifikiri niitoe, nikaigusa, nikaiacha. Ni yake Kobe.

Nesi alinisaidia kubeba. "Unafanya nini, mdogo wangu?" Nikamwambia natengeneza baraza. Akanitazama, akabeba. Tumeviosha kwa sabuni ya unga na ndimu, tumevianika juu ya paa lake, Baba asivione.


Jumamosi, 16 Novemba

Amekwenda.

Gari la kuvuta lilifika kabla ya adhuhuri. Dereva wake alimnyanyua Kobe kwa mbele, magurudumu ya nyuma yakabaki chini. Baba alimwelekeza hadi nje kwa mikono, kama anavyowaelekeza wanafunzi: njoo, njoo, kata, nyoosha. Ukuta haukuguswa. Alichungulia ndani mara moja, akaona viti vya mbele havipo. Nikangoja. Hakuuliza.

Barabarani watu walisimama. Seremala alivua kofia. Cha mwisho kuonekana kwenye kona ilikuwa buti na yale maandishi meupe, yakienda yakiruka ruka: …HUMFIKISHA MBALI. Mtoto mmoja akaita, "Kobe!" lakini bila kuimba.

Baba akachukua ufagio, akafagia pale Kobe alipokuwa akikaa.


Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi nimemsikia Baba amekaa kitandani. Hakuna wa kuoshwa. Ndoo iko pale pale.

Nilikuwa nimeshashusha viti kutoka kwa Nesi kabla hajaamka mtu. Vimekauka, ila sponji ya kiti cha mwalimu bado nzito kidogo. Nimeviweka barazani juu ya mbao mbili, vinatazama geti. Bega kwa bega, kwa nafasi ile ile, nimeipima kwa mkono. Nikakaa kiti changu. Nikajiona mjinga. Nikavuta pumzi, nikafanya kwa mdomo:

"Pi, pi!"

Zikasikika kandambili zake. Akatokea mlangoni, amevaa ile suruali.

Alivitazama viti. Alinitazama mimi — kidogo tu, hakunigeukia mzima. Akazunguka kwa mbele, pale ambapo boneti ingekuwa, hakupita katikati! Akaketi upande wake. Akatafuta kile chuma cha chini ya kiti, akasukuma kiti nyuma kidogo. Kikaitika: tak. Hata mimi sikujua kuwa bado kinasogea.

Tulitazama geti. Kuku wa jirani alipita.

"Kioo, kioo, bega," akasema Baba.

Nikageuza bega. Jamani, niligeuza kweli.

"Tunaelekea wapi?"

"Mbele," nikasema. "Baba, kuna mto. Uko mbali. Wananitaka nikausome miaka mitatu."

Sikumtazama. Nilitazama geti. Lakini chini, pembeni ya jicho, niliona mguu wake. Ulitoka chini ya kiti, ukakanyaga. Ukakanyaga kwa nguvu zote — kandambili ikapiga saruji, paa! — pale pale breki ingekuwa. Goti limenyooka. Vidole vimejikunja. Ukabaki hapo.

Sote wawili tuliuona.

Polepole akauinua. Akaukunja nyuma, kisigino juu.

"Nisamehe," akasema. "Mguu huu ni mzee."

"Ukanyage tu, Baba."

Aliona haya hadi shingoni, kama siku ile ya mpira. Baadaye akauliza, sauti ya kawaida kabisa, hao watu huo mto wao unajaa miezi gani. Nikamwambia. Akauliza kama kuna mtu wa kuniangalia nikiugua. Nikamwambia. Akauliza wanaendesha upande gani wa barabara. Nikasema upande mwingine, si kama sisi.

"Ah," akasema. "Basi inabidi tuanze tena na mzunguko."

Hapo nikasema nakwenda kuchemsha chai, tangawizi kidogo. Shangazi yuko jikoni, anajifanya anachambua mchele. Machozi yamemfika kidevuni na hajaokota hata jiwe moja. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji, maji ya chai yanaanza kuunguruma. Dirishani naona kisogo cha Baba. Hajaondoka kwenye kiti. Mguu umerudi mbele, umekanyaga tena. Anadhani hakuna anayeuona.

Swali moja bado hajaliuliza. Nikirudi na vikombe ataliuliza, macho yake getini, nami nitajibu bila kugeuka. Niliwaandikia jana asubuhi, kabla gari la kuvuta halijafika. Nimesema nakuja.